DNA haionekani, kiinitete kimesimama, mtoto hapumui: utatuzi wa matatizo ya kurudisha wanyama waliotoweka

Kurudisha mnyama aliyetoweka ni mnyororo mrefu: mfupa au ngozi, kisha DNA, seli, kiinitete, mimba, mtoto, na mwisho kundi linalozaana lenyewe. Kampuni zinazotangaza kazi hii huonyesha mwanzo na mwisho wa mnyororo. Kazi inakwama katikati, na inakwama kwa namna zilezile.

Ugumu ni kwamba hitilafu huonekana mbali na ilikozaliwa. Mimba ikitoka, wote wanamgeukia mama aliyeibeba, kumbe kiinitete kilikuwa na kasoro kabla hajawekewa. Seli zikigoma, analaumiwa fundi, kumbe ngozi ilikaa siku tatu juani kabla ya kufika kwenye barafu. Kwa hiyo kabla ya kurekebisha hatua iliyoharibika, rudi hatua moja nyuma uipime upya. Visababishi hapa chini vimepangwa kuanzia vile vinavyotokea sana, na penye neno «Simama» usiendelee peke yako.

Dalili ya 1: Jeli tupu, hakuna DNA

Jeli ni ubao laini ambamo DNA huonekana kama mstari. Kwanza hakikisha mashine na vimiminika ni vizima. Endesha PCR (njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi) ileile kwa DNA ya mnyama aliye hai, katika chumba kingine, siku nyingine. Ikigoma hata hiyo, tatizo ni benchi lako, uache mfupa.

Ikifanya kazi, fuata mpangilio huu:

1. Unatafuta kipande kirefu mno. DNA ya kale huwa imekatikakatika, mara nyingi chini ya herufi 100. Praima (vipande vifupi vinavyoanzisha unakili) zinazolenga herufi 400 hazitashika kitu. Tengeneza mpya zinazolenga herufi 70 hadi 100.
2. Kuna vizuizi. Uchafu wa udongo, kolajeni ya mfupa na rangi ya nywele huzima kimeng'enya cha PCR. Punguza DNA yako mara kumi kwa maji safi, urudie. Ikiwa sampuli iliyozimuliwa inatoa mstari na ile nzito haitoi, umempata mhalifu. Kuongeza albumini ya ng'ombe (BSA) husaidia pia.
3. Umechimba sehemu isiyofaa. Kwa mamalia, mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani hutunza DNA kuliko ubavu au fuvu lenyewe. Jino zima nalo ni zuri.
4. Sampuli iliwekwa kwenye fomalini. Fomalini huifunga DNA kama gundi. Kuna njia za kuifungua, lakini ni kazi ya maabara maalumu.
5. DNA imekwisha.

Hicho cha tano ndicho watu hawapendi kusikia. Mwaka 2012 watafiti walipima mifupa 158 ya moa, ndege wakubwa wa New Zealand waliotoweka, wakakuta kwamba kwenye joto la wastani wa nyuzi 13 nusu ya viungo vya kipande cha DNA hukatika kila baada ya miaka 521 hivi. Joto likipanda, kasi inapanda. Ndiyo maana mwaka 2021 meno ya mamothi, jamaa wa kale wa tembo, ya zaidi ya miaka milioni moja yalisomeka kutoka ardhi iliyoganda ya Siberia, ilhali mfupa wa miaka elfu chache tu kutoka pwani ya joto unaweza kuwa mtupu kabisa.

Simama ukiwa na mfupa wa dinosaria au mdudu aliyenaswa kwenye kaharabu. Dinosaria wakubwa walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Hakuna kimiminika cha kununua kitakachosaidia. Simama pia kabla ya kugusa ngozi ya zamani ya makumbusho bila glavu na barakoa. Ngozi nyingi za karne ya 19 zilipakwa sabuni ya aseniki kuzuia wadudu, na sumu hiyo bado imo. Msimamizi wa mkusanyiko ndiye wa kuulizwa kwanza.

Dalili ya 2: DNA ni nyingi na nzuri kupita kiasi

Hii ni hatari kuliko jeli tupu, kwa sababu inafurahisha. Mstari umekolea, vipande ni virefu, na mtu ameshaanza kuandika taarifa kwa wanahabari.

Mwaka 1994 jarida la Science lilichapisha habari za DNA iliyodaiwa kutoka kwenye mfupa wa miaka milioni 80, uliotolewa mgodi wa makaa ya mawe huko Utah, Marekani. Wengine walipoichunguza, ilikuwa DNA ya binadamu: vipande vya DNA ya mitokondria (viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli) vilivyojipenyeza zamani ndani ya kiini cha seli zetu, vikaonekana vigeni kwa sababu havifanani sana na mitokondria ya kawaida. Waliohusika hawakuwa wazembe. Mtego wenyewe ulikuwa mpya.

Visababishi, kwa mpangilio: wewe mwenyewe (mate, ngozi, nywele), mazao ya PCR za nyuma yanayoelea chumbani, vimiminika vya dukani, ambavyo mara nyingi huja na DNA ya binadamu, ng'ombe, nguruwe au kuku, na mwisho waliochimba mfupa na kuuosha kwa maji ya bomba.

Kipimo rahisi kuliko vyote ni mrija mtupu. Kila mara unapotoa DNA, beba mrija usio na sampuli kupitia hatua zote, kutoka kusaga hadi jeli. Ukitoa mstari, tupa matokeo yote ya siku ile, hata yale unayoyapenda. Nimeona watu wakijadiliana na mrija mtupu: «ni hafifu tu», «ni mara moja tu». Haujadiliwi.

Mrija mtupu ukiwa safi na bado una shaka, tazama DNA yenyewe. Ya kale halisi ina alama mbili: vipande ni vifupi, na kwenye ncha zake herufi C nyingi zinasomwa kama T, kwa kuwa C huoza na kugeuka kadiri miaka inavyokwenda. Vipande virefu visivyo na uozo huo ni vya juzi. Baada ya hapo ndipo marekebisho makubwa: chumba cha kutolea DNA kisiwe jengo moja na chumba cha PCR ikiwezekana, mtu akiingia chumba cha PCR asirudi kule siku hiyo, meza zifutwe kwa jiki na kupigwa taa ya urujuanimno, na maabara nyingine huru irudie kipimo kwa kipande kingine cha mfupa uleule.

Inafaa kukumbuka kwamba fani hii ilianza Afrika, kwa maana ya mnyama. Mwaka 1984 watafiti wa Berkeley walisoma vipande vifupi vya DNA kutoka ngozi kavu ya kwaga, pundamilia wa Afrika Kusini aliyetoweka. Wa mwisho alifia bustani ya wanyama ya Amsterdam mwaka 1883. Vipande vilikuwa vifupi na vichache. Ndivyo inavyopaswa kuwa.

Dalili ya 3: Jenomu ina matundu yasiyozibika

Jenomu ni DNA yote ya mnyama. Kusoma zaidi husaidia hadi kiwango fulani, kisha haisaidii tena. Mwaka 2022 timu moja ilichukua panya aliyetoweka wa Kisiwa cha Christmas, ikamlinganisha na panya wa kahawia wa kawaida, ndugu yake wa karibu. Karibu asilimia 5 ya jenomu haikupatikana hata kwa data nyingi, na matundu hayakutawanyika ovyo: yalikaa kwenye jeni za kinga ya mwili na za kunusa, sehemu zinazobadilika haraka. Kuziba matundu hayo kwa jeni za ndugu aliye hai kunawezekana, ila utampata panya anayenusa kama ndugu yule. Liandike hilo kwenye ripoti.

Dalili ya 4: Seli zimeyeyushwa, zimekufa au hazigawanyiki

Wahamilishaji wa ng'ombe wanaujua mtungi wa nitrojeni kuliko wanabiolojia wengi, waulize. Mara nyingi kiwango cha nitrojeni kilishuka bila mtu kuona, au vichupa vilikaa miezi kwenye friza ya nyuzi −80 badala ya nitrojeni ya nyuzi −196. Pima kwa kijiti, soma daftari la kujaza. Kisha angalia uyeyushaji: kugandisha ni polepole, kama nyuzi moja kwa dakika, lakini kuyeyusha ni haraka, kwenye maji ya nyuzi 37, na dawa ya kinga ya DMSO izimuliwe upesi maana inaua seli zilizoamka.

Kama zinaamka lakini zinakua kwa kujikokota, pima mikoplazma. Bakteria hawa hawaonekani kwa hadubini ya kawaida, hupenya vichujio, na penisilini haiwagusi kwa kuwa hawana ukuta wa seli. Zikiwa nao, teketeza, usizitibu, isipokuwa ndizo pekee duniani.

Kisha kuna wanyama ambao seli zao ni kaidi kwa maumbile. Tembo ana nakala takriban 20 za jozi za jeni ya TP53, askari anayeua seli zinazoanza kwenda kombo. Binadamu ana jozi moja. Askari huyo humkinga tembo na saratani, na humzuia pia mtafiti anayetaka kuigeuza seli ya ngozi kuwa seli shina, inayoweza kuwa seli ya aina yoyote. Kampuni ya Colossal ya Marekani, inayotaka kumtengeneza tembo mwenye sifa za mamothi, ilitangaza kufaulu hatua hiyo mwezi Machi 2024, baada ya kumdhibiti askari huyo.

Simama ukisikia kizunguzungu au kengele ya oksijeni ikilia kwenye chumba cha nitrojeni. Lita moja ikichemka inatoa takriban lita 700 za gesi, na gesi hiyo haina harufu. Toka nje. Mwenzako akiwa ameanguka ndani, usimfuate bila kifaa cha kupumulia, ita zimamoto.

Dalili ya 5: Kiinitete kinaanza, kisha kinasimama

Kabla ya kuiita hitilafu, jua kawaida ikoje. Dolly, kondoo wa nakala aliyezaliwa Uskoti mwaka 1996 kwa kuweka kiini cha seli ya mwili ndani ya yai lililotolewa kiini chake, alitokana na majaribio 277 yaliyotoa viinitete 29 na mwanakondoo mmoja. Tena huyo alikuwa kondoo ndani ya kondoo.

Siku ileile, kwa mikono ileile, tengeneza viinitete vya mbuzi wa kawaida. Navyo vikisimama, tatizo ni kabati la kutunzia, hewa ya kaboni dioksidi au lishe ya seli. Vikikua salama, sasa ndipo uzungumzie mnyama wako.

Kinachofuata kwa kawaida ni mayai: hayakukomaa, au yalipoa njiani kutoka machinjioni. Baada yake kuna tatizo zito zaidi, kwamba kiini cha seli ya ngozi hakijasahau kwamba ni cha ngozi, na alama za kemikali juu ya DNA hazikufutwa. Kuna dawa zinazopunguza tatizo, haziliondoi. Mwisho kuna umbali wa jamaa: kiini ni cha mnyama mmoja, mitokondria za yai ni za mwingine, na hazielewani. Mwaka 2013 watafiti wa Australia walitangaza kwamba viini vya chura aliyekuwa akiatamia watoto tumboni, vilivyowekwa ndani ya mayai ya chura wa jamii nyingine, viligawanyika kwa siku chache kisha vikafa. Mwaka 2019 viini vya Yuka, mamothi wa miaka 28,000 hivi, viliwekwa ndani ya mayai ya panya huko Japani. Vilionyesha dalili za kujiandaa, lakini havikugawanyika. Kwa mamothi hakuna marekebisho hapa. Viini vimeharibika, rudi Dalili ya 1.

Ndege ni habari nyingine. Yai la ndege ni kiini kikubwa cha njano ambacho huwezi kukitoboa na kubadilisha nyuklia yake kama la mamalia. Ukisikia mtu anataka kutengeneza nakala ya dodo, ndege aliyetoweka, kwa njia ya Dolly, muulize atalishikaje yai. Njia iliyopo ni kuzilea seli zinazozaa mbegu na mayai, kuzihariri, na kuzirudisha ndani ya kiinitete cha ndege mwingine. Kwa kuku imefanya kazi kwa miaka mingi. Kwa jamaa za njiwa, ambao dodo ni mmoja wao, kazi bado ni changa.

Dalili ya 6: Mimba haishiki au inatoka

Anza na mambo ya kila mfugaji: lishe ya mama, minyoo, brusela, na kama umri wa kiinitete unalingana na siku za mzunguko wake. Tofauti ya siku moja inatosha kuharibu. Hapo ndipo uangalie kondo. Kwenye mimba za nakala kondo mara nyingi huwa na kasoro, maji hujaa, au ndama anakuwa mkubwa kupita njia.

Usihukumu bila uchunguzi wa maiti. Katika hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya, mwezi Septemba 2023 jike wa kifaru mweupe wa kusini aitwaye Curra aliwekewa kiinitete. Novemba akafa. Bila kumfungua, wengi wangesema jaribio limeshindwa. Walipomfungua walikuta kijusi dume cha siku 70, sentimita 6.4, kinakua vizuri. Kilichomuua mama ni bakteria wa klostridia baada ya mvua kubwa. Ikawa mimba ya kwanza ya kifaru kwa njia ya kupandikiza kiinitete cha maabara, ikajulikana baada ya kifo.

Simama tumbo la mama likivimba ghafla ndani ya siku chache; huyo ni wa daktari wa mifugo usiku uleule. Simama pia mimba zikianza kutoka kwa wanyama wengi pamoja, hasa baada ya mvua nyingi. Kwetu Afrika Mashariki hiyo inaweza kuwa homa ya Bonde la Ufa, inayoua watu pia. Usishike kondo wala kijusi kwa mikono mitupu, usichinje, toa taarifa kwa ofisi ya mifugo.

Dalili ya 7: Mtoto amezaliwa lakini hali si nzuri

Safisha pua na mdomo, mpe oksijeni, tia kitovu ayodini, na mnyweshe dang'a ndani ya saa za mwanzo. Mnyama wa thamani kubwa hukusanya umati na kamera, na katikati ya umati ndipo dang'a linaposahaulika.

Kama bado hapumui vizuri, huenda kasoro ni ya kuzaliwa nayo. Bukardo, mbuzi-mwitu wa milima ya Pyrenees, alitoweka Januari 2000 jike wa mwisho, Celia, alipokutwa amefia chini ya mti ulioanguka. Ngozi yake ilikuwa imechukuliwa mwaka 1999 akiwa hai, ikawekwa kwenye nitrojeni. Majike 57 wakawekewa viinitete, saba wakashika mimba, na tarehe 30 Julai 2003 akazaliwa mmoja kwa upasuaji. Alikufa baada ya dakika chache kwa kasoro ya mapafu. Hakuna huduma ya uzazini ambayo ingemwokoa. Chanzo kilikuwa Dalili ya 5.

Si kila kifo ni cha aina hiyo. Nuhu, ndama wa nakala wa gauri (ng'ombe-mwitu wa Asia) aliyezaliwa na ng'ombe wa kawaida huko Iowa Januari 2001, alikufa ndani ya siku mbili kwa kuhara damu, ugonjwa unaoweza kumpata ndama yeyote. Naye Elizabeth Ann, fereti (mnyama mdogo mla nyama) mwenye miguu myeusi aliyezaliwa Desemba 2020 kutokana na seli zilizogandishwa miaka ya 1980, alikua mzima lakini hakuweza kuzaa kwa tatizo la mji wa mimba. Fereti mwingine wa seli zilezile, Antonia, alizaa mwaka 2024. Mnyama mmoja peke yake hakuthibitishii kitu, awe mzima au mgonjwa.

Dalili ya 8: Mnyama ni mzima, ila watu wanasema «siye»

Aprili 2025 Colossal ilitangaza kurudi kwa mbwa-mwitu wa kale waitwao dire wolf. Walichofanya kweli ni kuhariri sehemu 20 katika jeni 14 za mbwa-mwitu wa kijivu, na viinitete vikabebwa na mbwa. Wataalamu wa mbwa-mwitu wa IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, wakasema hawa si dire wolf. Hapa maabara haikukosea. Kiliteleza kipaza sauti. Utafiti wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba koo hizo mbili ziliachana zamani sana, miaka milioni kadhaa iliyopita, na mabadiliko 20 hayawezi kuuziba umbali huo.

Marekebisho ni kuandika lengo kabla ya kuanza. Mradi wa Kwaga wa Afrika Kusini, ulioanza 1987, huzalisha pundamilia wenye milia michache nyuma. Ni kuchagua wazazi tu, na anayeutembelea anaambiwa wazi kwamba anaona sura iliyorudi, na kwamba mengine ya kwaga wa zamani hayajulikani kurudi. IUCN yenyewe tangu 2016 hutumia maneno ya mbadala au kaimu wa mnyama aliyetoweka. Ukianza na neno hilo, Dalili ya 8 haitokei.

Dalili ya 9: Jike anayetoa mayai anadhoofika

Hii nimeiweka mwisho kwa sababu haina marekebisho ya maabara. Fahali wa mwisho wa kifaru mweupe wa kaskazini, Sudan, alikufa Ol Pejeta tarehe 19 Machi 2018. Wamebaki majike wawili, Najin na bintiye Fatu. Kuanzia Agosti 2019 mayai yao yalivunwa kwa sindano ndefu kupitia ukuta wa njia ya haja kubwa, mnyama akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Oktoba 2021 Najin alistaafishwa kwa umri wake na uvimbe uliokutwa kwenye njia yake ya uzazi, ingawa hivyo walibaki na mtoaji mmoja tu wa mayai duniani kote.

Kwa hiyo: uzito ukishuka, miguu ikitetemeka baada ya usingizi, ovari zikitoa mayai machache kila mara, simama. Uamuzi si wa mwanasayansi anayehitaji mayai; apewe daktari asiye na jina kwenye utafiti huo. Nchini Kenya wanyamapori husimamiwa na KWS, shirika la wanyamapori, na Tanzania utafiti wao unapita TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Na kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, cha kuvusha mayai au seli za kifaru kiwe mkononi kabla mnyama hajalazwa, kwa maana yai likishavunwa saa zake ni za kuhesabu na afisa wa forodha hatakimbia kwa ajili yako.